Kahawa Katika Nyumba ya Daktari

Siku ya mkutano Mzee Ildefonce alipiga pasi koti lake mwenyewe. Mkewe, Emerensiana, alimtazama akipuliza makaa mpaka majivu yakaruka juu ya kola. Kwa miaka arobaini na mitatu koti lile lilikuwa kazi yake yeye.

"Unaenda mkutanoni au unaenda kuoa?" aliuliza mwishowe.

"Kusoma muhtasari."

"Basi usome vizuri. Mgeni wa wilayani asije akasema watu wa Ngimbuka hawajui kusoma."

Siku nyingine maneno hayo yangemfurahisha. Ildefonce alijifunza kusoma akiwa tayari na mke na watoto wawili, kwenye darasa la jioni la watu wazima, kwa taa ya chemli, baada ya kushinda shambani. Hakuishia hapo. Alinunua kamusi, na jalada lilipochanika alilishona kwa uzi wa gunia. Kijiji kilipounda kamati ya ujenzi wa zahanati, hakuna aliyebisha kwamba katibu awe yeye. Mihutasari yake ilisifiwa mpaka kwa mtendaji wa kata: mwandiko umelala upande mmoja, kila agenda na namba yake. Na kwa kuwa ni katibu, funguo za majengo zilikaa kwake.

Kwenye funguo hizo ndiko lilikokuwa jambo lililomnyima usingizi.

Zahanati ile watu waliijenga wenyewe. Kila kaya ilifyatua matofali mia mbili. Wanawake walipandisha mchanga na maji kutoka mtoni, na mto wa Ngimbuka uko chini kweli. Serikali ikaleta bati na simenti, ikasema ijengwe na nyumba ya mganga, kwa sababu mganga asiye na pa kulala hakai. Nyumba ikamalizika mwezi wa Juni: vyumba viwili na sebule, sakafu ya simenti, dari, madirisha ya mbao nzuri. Mganga hakuja Juni. Hakuja Julai.

Julai ndipo kahawa inapotoka kwenye vichanja vya kuanikia. Nyumba ya Ildefonce ni ya matofali mabichi na sakafu yake hutoa unyevu. Mwaka uliotangulia magunia sita yalishika ukungu yakashushwa daraja. Alfajiri moja yeye na rafiki yake Joakim walibeba magunia kumi na tisa ya kahawa ya maganda, kila mmoja akishika upande wake, wakayapanga ndani ya nyumba ya mganga.

"Sasa akija?" Joakim aliuliza, akijifuta jasho.

"Tumeambiwa anakuja miaka mingapi? Akija nitayatoa siku hiyohiyo."

Alikuja Septemba. Jina lake Daktari Stella. Kwa cheo alikuwa tabibu, lakini Ngimbuka anayekupima na kukuandikia dawa ni daktari, hakuna maneno mengi. Alitoka mbali, upande wa Bunda, na alishuka kwenye bodaboda na begi moja na godoro lililofungwa kamba.

"Shikamoo, baba. Nimeambiwa funguo za nyumba ziko kwako."

"Marahaba, mwanangu." Ildefonce alikuwa anasubiri bei ya mnada ipande, na wiki ile ilikuwa bado. "Nyumba bado inakamilishwa. Nipe wiki mbili tu."

Uongo ule ulimtoka kwa wepesi mpaka yeye mwenyewe alishangaa. Daktari akashukuru, akalirudisha godoro Mbinga mjini, akapanga chumba huko. Akawa anakuja Jumatatu na Alhamisi.

Wiki mbili zikapita na bei haikupanda. Ikapita Oktoba, ikapita Novemba. Kila kikao Ildefonce aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Nyumba ya mganga: ukamilishaji unaendelea.* Aliandika hivyo mara tano. Baadaye hata alipokuwa tayari kuuza kwa bei yoyote, hakuona njia. Angetoaje magunia kumi na tisa mchana kweupe, katika nyumba ambayo yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu kwamba sakafu yake imepasuka na dari haijaisha?

Mvua zikaja, barabara ikawa utelezi, na Januari mlima wote ukafunga. Joakim ana presha, na vidonge vilimwishia. Alhamisi alikwenda zahanati, daktari hakuweza kupita. Jumatatu akaenda tena, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane, akarudi. Jumanne alianguka kwenye ngolo zake, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kati ya maharage, akaokotwa mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haumsikii. Walimshusha hospitali ya misheni amebanwa kwenye pikipiki kati ya watu wawili. Alirudi hai.

Asubuhi ya mkutano Ildefonce alipita kwake. Joakim alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini.

"Katibu," alisema polepole, maneno yakiburuta. "Umependeza. Nani kafa?"

"Hakuna."

"Bado mapema." Akacheka kwa shavu moja. Kisha akaonyesha ndani kwa kidevu, ambako mkewe, Marselina, alikuwa akijifunga kitenge. "Huyu leo atamsema daktari. Nimemwambia aache. Anajidai hanielewi nikisema."

"Hujamwambia?"

"Nimwambie nini, Ildefonce? Upande mmoja wa gunia nilishika mimi." Akautazama mkono uliolala juu ya blanketi. "Mkono wenyewe ndio huu."

Ildefonce aliliweka sawa blanketi. Akaaga.

Mkutano ulifanyika mbele ya zahanati. Mgeni alikuwa Bwana Cuthbert kutoka ofisi ya wilaya, mtu mfupi mwenye buti zilizojaa matope, kwa maana kilomita za mwisho alitembea. Daktari Stella aliketi kando yake, mwavuli mapajani. Mwenyekiti wa kijiji, Nazari, alimkaribisha mgeni, naye hakuzunguka.

"Barua ya kumhamisha daktari wenu iko tayari. Kuna kijiji kule chini ziwani kina nyumba nzuri na hakina mganga. Ninyi mna mganga na hamna nyumba. Nimekuja kusikia kama kuna sababu ya kumwacha hapa."

Watu walinung'unika. Nazari akanyoosha mkono. "Tufuate utaratibu. Katibu, soma muhtasari uliopita."

Ildefonce alisimama. Alisoma waliohudhuria, alisoma kufungua kikao, na sauti yake ilikuwa ileile ambayo watu waliizoea, nzito na yenye vituo. Akafika agenda ya nne. "Nyumba ya mganga," alisoma. "Ukamilishaji unaendelea."

Marselina akainuka hapohapo.

"Nyumba, nyumba, kila siku nyumba! Sisi tumezaliwa kwenye nyumba za udongo, tumekufa? Wewe daktari umekuja kusubiri dari. Mume wangu alikaa kwenye benchi hili siku mbili. Siku mbili, mwanangu. Wewe uko mjini unaogopa matope. Leo namlisha kwa kijiko."

Daktari Stella aliinamisha kichwa, akawa anafungua na kufunga kitufe cha mwavuli.

"Mama Marselina, hilo lingoje yatokanayo," Nazari alisema kwa upole. "Kwanza masahihisho. Je, kuna masahihisho katika muhtasari huu?"

Kwa miaka yote ya kamati swali hilo halikuwahi kupata jibu, kwa kuwa Ildefonce hakosei. Nazari alikuwa tayari amefungua mdomo aendelee alipoona mkono wa katibu uko juu.

"Katibu? Si wewe uliyeandika?"

"Ni mimi. Agenda ya nne. Si kweli." Akaikunja karatasi. "Nyumba ilikwisha Juni. Sakafu haikupasuka, dari ipo. Daktari hakuingia kwa sababu ndani kuna kahawa yangu. Magunia kumi na tisa."

Nyuma mtu mmoja alicheka kicheko kifupi, akidhani ni mzaha, kisha akakohoa.

"Twendeni tukaone," Bwana Cuthbert alisema.

Walikwenda wote. Ildefonce aligeuza ufunguo. Mlango ulipofunguka harufu ya kahawa kavu iliwajia usoni. Wanawake waliopandisha mchanga walisogea mlangoni mmoja mmoja, wakachungulia sakafu waliyoibebea maji, nyeupe na safi chini ya magunia, wakapisha wengine. Marselina alitazama kuliko wote. Kisha akamwendea daktari, akamshika mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu."

Marselina hakumtazama Ildefonce hata kidogo. Alipita karibu naye kama mtu anavyopita karibu na nguzo.

Daktari Stella ndiye aliyemgeukia. "Ungeniambia tu, baba. Kona moja ingenitosha. Kwetu nimekua nikilala na magunia ya mpunga."

Angemtukana, Ildefonce angejua pa kushika. Alibaki amesimama, koti lake likimbana makwapani.

"Leo ni Jumatano," Bwana Cuthbert alisema. "Jumatatu mwenyekiti anipigie simu aniambie daktari amelala humu. Asipopiga, barua inatoka."

Ildefonce alivua koti, akalitundika mlangoni, akaingia. Gunia la kahawa halibebwi na mtu mmoja wa umri wake. Lazima mwingine ashike upande wa pili. Alishika pembe mbili akavuta. Gunia likasogea kiasi cha hatua moja, likakwama kizingitini. Vijana wenye nguvu walikuwa wamejaa pale nje, wale ambao siku zote humpokea jembe wakimkuta njiani. Hakuna aliyesogea. Akavuta tena.

Miguu ya mwanamke ilisimama upande wa pili wa gunia. Alikuwa Emerensiana, amejifunga kanga kiunoni.

"Uliniambia kahawa iko ghala la chama cha ushirika," alisema, si kwa sauti ya kusikiwa na wengine.

"Ndiyo."

Alishika pembe zake. "Inua."

Walitoa magunia manne hivyo, wazee wawili. La tano ndipo Nazari aliposema, "Jamani, basi," na vijana wakaingia. Walimsalimu kwanza, kila mmoja, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia marahaba kila mara bila kuinua macho.

Daktari Stella alihamia Jumapili na godoro lake lilelile. Ildefonce aliomba kujiuzulu ukatibu. Nazari alikataa. "Hiki kikao utakiandika wewe. Na utakisoma wewe. Baadaye tutaona."

Kwa hiyo Machi alisimama tena mbele ya zahanati, bila koti. Joakim alikuwepo, daktari humpima presha kila wiki, na sasa anatembea kwa mkongojo kutoka kwake mpaka benchini. Ildefonce alisoma. Hakuruka kitu: mwezi, idadi ya magunia, mara tano alizoandika uongo, jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Sauti haikuwa na vituo vyake.

"Kuna masahihisho?" Nazari aliuliza.

Mkono wa kushoto ulipanda, ukiyumba.

"Andika na jina langu," Joakim alisema. "Tulikuwa wawili."

Marselina, aliyekuwa ameketi kando yake, aligeuza kichwa akamtazama mumewe, akamtazama kwa muda mrefu. Ildefonce alitafuta nafasi kwenye karatasi. Hakuwa ameacha. Ilibidi aliandike pembeni, kwa herufi ndogo, wima, zisizofanana na mwandiko wake, na watu wote wakangoja mpaka amalize.