Maksai wa Kushoto

Baba alimuuza Mzito, maksai wetu wa kulia, ili tupate mbolea na mbegu. Wa kulia ndiye anayekanyaga mtaroni plau inapopita, kwa hiyo mkulima humfunga upande huo yule mwenye nguvu. Na mwenye nguvu ndiye mwenye nyama. Pole, mwenzake wa kushoto, mchinjaji hakumtupia hata jicho.

Mama aliuliza tutalima na nini. Baba akamjibu kwamba jirani ana maksai, na jirani ni ndugu. Nikaunga mkono. Nilikuwa nimekataa kwenda mjini kubeba magunia ya watu. Nilijigamba kwa wenzangu waliokwenda kwamba shamba hili litanilisha, na litawalisha na wao wakirudi na njaa.

Mawingu yalipokaribia, jirani akamleta maksai wake. Tukamfunga kulia, Pole kushoto, nikashika plau. Mgeni akatoka mtaroni, akamsukuma Pole mpaka nira ikapinda. Tulipomrudisha, akalala chini.

"Shemeji," mama akamwuliza jirani taratibu, "huyu umemzoesha upande gani?"

Jirani akajikuna kichwa. "Kushoto. Wa kulia nilimuuza. Mbolea, shemeji."

Baba akaanza kutaja nyumba za kijiji: fundi baiskeli, mjane wa kisimani, mjomba wangu. Wote walikuwa wameuza yule mnene.

"Kijiji kizima tumebaki na viatu vya mguu mmoja," jirani akasema. Tulicheka.

Kumzoesha maksai upande mpya ni kazi ya msimu mzima, na mvua haimngoji mtu. Tukashika majembe. Ardhi ilikuwa kama sakafu; viganja vya mama vikatoka malengelenge, yakapasuka, akaendelea. Tulikuwa tumelima kona tu mvua iliposhuka. Maji yakapita juu ya shamba bila kubisha hodi, yakateremka mtoni na udongo wetu. Mbolea ilikuwa ndani, mifuko haijafunguliwa. Baba alikuwa ameikalia.

"Mwanangu, nenda mjini," akasema.

"Msimu ujao, baba..."

"Mpaka ufike tutakula nini?" Hakupaza sauti. "Kubeba mizigo si aibu. Aibu ni yangu."

Nikageuka kumtafuta mama anitetee. Alikuwa ameshaanza kukunja mashati yangu.