Sayari Iliyopiga Chafya

Kwa miaka minane Kidoti alichora mabango ya watu wengine. Kama umewahi kusoma "Tunanyoa na kusuka" mlangoni ukaingia, au "Usikojoe hapa" ukutani ukaahirisha haja yako, basi huenda umewahi kumtii. Lakini maneno yote hayo yalikuwa ya wenye maduka na wenye kuta. Kitu chake mwenyewe kilikuwa kimoja tu: katuni ya mtandaoni kuhusu roboti iliyotumwa peke yake kuchunguza sayari ngeni. Nimesema "iliyotumwa" kwa makusudi, maana hapo ndipo ugomvi ulipokuwa.

Tovuti ilikuwa na sharti gumu. Katuni mpya ikifika sehemu ya kumi haijapata wasomaji mia moja, inaondolewa. Kidoti alikuwa akikaribia sehemu ya tisa na wasomaji thelathini na saba, nusu yao wakiwa ndugu walioshindwa kukataa.

Maneno yalipitiwa na shangazi yake, aliyekuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini, na ambaye mpaka leo husoma karatasi ya maelezo ya dawa akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Tangu sehemu ya kwanza walivutana juu ya herufi moja. Kidoti aliandika "Roboti amefika." Shangazi akakata "a" akaweka "i".

"Shangazi, huyu anatembea, anafikiri, tena ana upweke."

"Jokofu likiharibika, unasema jokofu ameharibika?"

"Jokofu haliendi angani."

"Likienda litabaki jokofu. Mashine ni mashine, mwanangu. Andika imefika."

Kidoti akaandika imefika. Utabishana vipi na mtu aliyekufundisha kushika penseli?

Sehemu ya tisa iliwekwa mtandaoni Jumamosi asubuhi. Roboti imegeuza mgongo, mbele yake kuna bonde tupu, na wingu la vumbi limefumuka. Kidoti alikusudia tuelewe kwamba vumbi limeiingia roboti. Lakini alikuwa amelipenda mno bonde lake, akanogewa, akachora vumbi likiruka kutoka kwenye shimo la ardhini, na shimo lenyewe, Mungu amsamehe, lilikuwa na umbo la pua. Chini yake Shangazi alipitisha maneno haya: "Roboti iliitazama sayari kwa muda mrefu. Ikapiga chafya."

Kufika saa nne watu walikuwa wameshikana mashati. "Jamani, sayari imepiga chafya!" aliandika mmoja. "Ni roboti, soma vizuri," akajibu mwingine. Wa tatu, aliyejitambulisha kuwa mwalimu, akaeleza kwamba roboti ni "i" na sayari nayo ni "i", kwa hiyo wasitoane macho bure. Wakazidi kutoana. Kila mmoja aliita rafiki aje amuunge mkono, na saa sita wasomaji walikuwa themanini na mmoja. Kidoti alicheka mpaka akapiga teke kopo la rangi ya njano, akaliacha limwagike, akakimbilia chumbani kwa Shangazi.

Shangazi hakucheka. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Futa."

"Tukifuta na wasomaji wanaondoka nayo. Wamebaki kumi na tisa tu tufike mia, Shangazi."

"Miaka thelathini sijaachia sentensi yenye wenyewe wawili. Niliwahi kusimamisha mitambo kwa sababu ya mkato mmoja. Leo watu themanini wananicheka."

Furaha ikamtoka Kidoti yote. Aliitaka katuni ile kuliko kitu chochote, lakini alimpenda mama huyu kuliko katuni, na ilimuuma kumwona amejikunyata kitandani namna ile. Akafungua ukurasa, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyechora lile shimo."

"Mkubwa jalala, nitupie mimi. Ila nipe kwanza niyasome yote, nijue nimetukanwa kiasi gani."

Akaanza kusoma kwa sauti ya kiwandani, na alama za uakifishaji akizitaja. "'Hiyo sayari ina mafua, alama ya kuuliza.' 'Ningekuwa mimi roboti ningekimbia, nukta.' 'Maskini sayari, mkato, miaka yote hiyo haina hata wa kuiambia pole.'" Hapo akakatiza kusoma. Mabega yakaanza kutikisika. Kicheko kilianzia puani, kikashuka tumboni, na punde wote wawili walikuwa wameshikana wakilia machozi, hakuna awezaye kumtuliza mwenzake.

"Lakini kweli," alisema Shangazi akijifuta, "mbona roboti haikusema pole? Mtu anapiga chafya mbele yako, wewe kimya. Adabu gani hiyo?"

"Umesema mtu, Shangazi."

Shangazi akajifanya hakusikia. Akavuta karatasi.

Sehemu ya kumi ilitengenezwa mezani palepale. Roboti inageuka, inainama mpaka chini, inasema, "Pole." Bonde zima linatetemeka. "Asante," sayari inajibu. "Hilo vumbi limenikaa puani miaka milioni nne, na hakuna aliyeniuliza." Walicheka kila mstari, na wasomaji wakavuka mia moja bila Kidoti kukumbuka kutazama.

Mwisho, kwa nidhamu yake yote, Kidoti akaandika maneno ya chini: "Roboti ilisema pole. Sayari ikajibu." Akamsogezea Shangazi.

Kalamu nyekundu ilishuka, ikasita. Kisha ikageuza "ilisema" kuwa "alisema". Ikaenda kwenye "ikajibu", ikakata "i" pia.

"Mwenye kusema pole na mwenye kuitikia, hao si vitu," alisema Shangazi bila kuinua uso. "Nifungulie sehemu ya kwanza, tuzisahihishe zote. Ila ile ya chafya usiiguse."