Namba ya Fabiola

Bura alimzika mke wake bila mtoto wao kuwepo, na kwa hilo hakumsamehe mtu. Hilda alipolazwa chini pale Gendabi, kando ya shamba la mbaazi, binti yao wa pekee, Fabiola, alikuwa Uarabuni, amejibana kwenye chumba kimoja na wanawake wenzake, analia kwenye simu. Nauli alikuwa nayo. Miguu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni pasi ya kusafiria. Ile aliyoondoka nayo ilikuwa imekwisha muda, na ubalozini walimwambia hapati mpya mpaka alete namba ya kitambulisho cha taifa.

Angeipata wapi? Alipokwenda kufanya kazi za ndani kwa watu, mashine za kupiga picha na kuchukua vidole zilikuwa hazijafika Gendabi. Zilipofika, zikawekwa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wakapanga foleni tangu alfajiri, yeye alikuwa huko anadeki sakafu za wenyewe. Kosa lake ndilo hilo, hakuwepo.

Tangu mazishi Bura alikuwa anakwenda mjini Katesh kwenye ofisi ya vitambulisho kama mgonjwa anayekwenda kliniki. Anaamka, anakamua ng'ombe mwenyewe, kazi ambayo zamani hakuijua, anapanda pikipiki, anafika, anaambiwa arudi. Leo mtandao hakuna, kesho mkuu yuko semina. Semina ya nini, hakuna aliyewahi kumwambia. Labda wanafundishwa namna ya kumwambia mtu arudi kesho.

Sasa mambo yalikuwa yamebana. Fabiola alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hospitali ya huko aliiogopa kwa sababu hana karatasi, na mama yake alikufa kwa uvimbe wa namna hiyo hiyo, ulianza pale pale.

"Baba, nataka nikatibiwe nyumbani," alisema kwenye simu. Hakuomba kingine.

Siku hiyo dirishani alikaa kijana anaitwa Maximilian, mtoto wa watu wa Bashay, shati limenyooshwa mpaka linang'aa. Alimwona Bura, akashusha pumzi. Hakumwamkia.

"Mzee, umerudi tena."

"Nimerudi. Mtoto wangu anaumwa."

"Pole. Lakini nilishakueleza. Mhusika aje mwenyewe. Picha, vidole, sahihi, vyote vya kwake."

"Aje na nini?"

"Na ndege, mzee. Siyo kwa miguu."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Ndege inataka pasi," Bura alisema.

"Ndiyo."

"Pasi inataka namba."

"Ndiyo."

"Na namba inatoka wapi?"

Kijana alitazama kompyuta yake kama inaweza kumjibia. "Hapa," alisema. "Mimi nafuata utaratibu."

Bura alilirudia neno hilo moyoni. Utaratibu. Walipochangisha pesa za zahanati, utaratibu ulimjua Fabiola vizuri sana. Mtendaji wa kijiji alikuja mpaka mlangoni, akasema, Baba Fabiola, wewe una mtu nje, ongeza kidogo. Wakati wa kura wagombea walikuja na magari na muziki, wakamsifu Hilda kwa kulea mtoto mchapakazi. Redioni wakubwa wanasema ndugu zetu walioko nje ni hazina ya taifa. Hazina gani hiyo, inatumwa ilete, ikitaka kurudi inafungiwa mlango?

Hakuyasema hayo. Alijua yakisemwa hapo yanaingia sikio hili yanatokea lile, kijana anasema pole, anaita mwingine. Badala yake alivua kofia. Akaiweka chini, sakafuni, mbele ya dirisha. Akainama taratibu, goti moja likalia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alishika mdomo. Pale hakuna mtu mzima anayemwamkia kijana wa kumzaa, hata kwa utani, hata kwa pombe. Mzee akifanya hivyo amekuvika miaka yake yote. Ukiitikia umeikubali, na wewe ndiye wa kutangulia kuzikwa. Usipoitikia inabaki imekuning'inia kichwani, unakwenda nayo nyumbani kwa watoto wako.

Maximilian alisimama, kiti kikaanguka. "Mzee, usinifanyie hivyo."

"Itikia. Si wewe ndiye mkubwa? Mtoto nilimzaa mimi, lakini wewe ndiye unayesema yupo au hayupo."

"Inuka, mzee wangu, nakuomba."

"Shikamoo," Bura alirudia.

Kijana alifunga dirisha. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akamwinua Bura kwa mkono, akaiokota na kofia, akampeleka nyuma ya jengo kwenye tangi la maji.

"Mama yangu akisikia hili hatalala," alisema. "Rudisha salamu yako."

"Nipe namba."

"Sina. Ningekuwa nayo ningekupa hata leo. Wanasema watakwenda kuwasajili huko huko waliko. Lini, mimi sijui, na mkuu wangu naye hajui." Alitazama huku na huku. "Nikuambie kitu, lakini sikukuambia mimi."

"Sema."

"Wanaorudi haraka ni wanaokamatwa. Polisi wa huko wakimshika mtu hana karatasi, wanaita ubalozi. Ubalozi unatoa karatasi ya safari moja, anapandishwa ndege. Hapo hawaulizi namba."

Bura alinyoosha mkono kudai kofia yake.

"Kwa hiyo mwenye adabu anabaki, mfungwa anarudi."

"Mimi sijasema hivyo."

"Hujasema. Waliokuweka hapo ndio wamesema."

Alichukua kofia yake, akaivaa. Maximilian aliinama vizuri, kama alivyofundishwa kwao. "Shikamoo, mzee."

Bura hakuitikia. Aliondoka, akamwacha pale kwenye tangi ameinama.

Simu ya Bura ilikuwa ya kitochi, isiyoshika intaneti, kwa hiyo Fabiola alikuwa akipiga kwa Rukia, muuza vitenge karibu na stendi, aliyekuwa rafiki wa Hilda. Bura alipofika, Rukia alimsogezea kigoda.

"Baba Fabi, ukikaa mlangoni na uso huo wateja watadhani nauza sanda. Ingia ndani."

Aliingia. Akamweleza. Rukia aliiwasha simu, akapiga, akampa.

"Baba, shikamoo. Wamekupa?"

"Marahaba, mama. Hawajanipa. Hawatanipa." "Kituo cha polisi kiko mbali na hapo?"

"Polisi? Si ndio tunaowakimbia, baba."

"Usiwakimbie tena. Nenda mwenyewe. Waambie huna karatasi, wakufukuze."

Nyuma ya Fabiola mwanamke alikuwa anaimba, maji yanachuruzika kwenye ndoo. Katika ukoo wa Bura hakuna aliyewahi kulala mahabusu, na yeye ndiye wa kwanza kumpeleka mtoto wake.

"Watanifunga kwanza," Fabiola alisema. "Wengine wanakaa miezi."

"Najua."

"Na hili titi?"

"Kwa hawa wa kwetu utakaa mpaka likuue. Hao wana haraka ya kukutoa." "Wakikuuliza mtu wa wapi, waambie. Wao watakuamini."

Alimsikia anavuta begi.

"Nivae nini?" aliuliza.

Bura hakujua. Maisha yake yote swali kama hilo lilikuwa la Hilda. Rukia alimchukulia simu mkononi.

"Vaa nguo mbili mbili, mwanangu," alisema. "Na khanga ndani. Hawatakuruhusu kurudi kufungasha."