Safari ya Jumamosi

"Inategemea," alisema Kifungu, nami nikafumba macho.

Muhula mzima nilikuwa nimepiga kelele kulipinga neno hilo hadi sauti ikanikauka. Niliwatuma wanafunzi wangu wakawaeleze bibi zao sheria ya uhamiaji, wakajizoeze kwa wapangaji wenzao, kwa yeyote asiyevaa tai. Wapi! Huyu tuliyembandika jina la Kifungu, kwa kuwa hamalizi sentensi bila kutaja kifungu cha sheria, ndiye aliyeketi ukumbini, siku yetu ya kutoa msaada wa sheria bure, akimkabili fundi cherehani mwenye sindano ukosini.

Swali la mama huyo lilikuwa jepesi. Aliomba kibali cha ukaazi, bado hajajibiwa. Mama yake yu mahututi huko kwao. Je, anaweza kwenda kumwona, kisha akarudi?

"Kwa mujibu wa kanuni," Kifungu akaendelea, "mwombaji anayeondoka nchini kabla ya uamuzi anaweza kuhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake, isipokuwa pale ambapo..."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, mpaka mwisho. Kisha akachukua mkoba wake.

"Ahsante, mwanangu. Basi Jumamosi nasafiri."

Nilimvuta Kifungu kando.

"Umemwambia nini?"

"Nimemweleza sheria, Mwalimu."

"Na yeye amesikia nini?"

Aliutazama ule mkoba begani mwa fundi, akanywea. "Mwambie wewe, Mwalimu. Tafadhali."

Nilifungua kinywa. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa "kwa kawaida". Nilijichukia, nikakifunga.

Kifungu alirudi peke yake, akamwomba fundi aketi tena, akaburuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama, nisamehe, sikusema vizuri. Ukitoka Jumamosi, ombi lako limekufa. Hawatakuruhusu kuingia tena."

"Hata nikienda siku mbili tu?"

"Hata siku moja."

Aliuweka mkoba sakafuni, akatoa simu. Kifungu alinigeukia kuuliza afanye nini sasa. Katika masomo yangu yote tulikuwa tunaishia pale mtu anapoelewa.

"Dada," fundi alisema simuni, "mwekee mama simu sikioni."

Kifungu aliinuka ampishe. Fundi akamshika mkono wa shati, akamrudisha kitini.

"Mama, ni mimi," alisema, bado amelishikilia lile shati. "Ile Jumamosi niliyokuahidi..."