Fundi Aliyekata Bomba

Mwaka wa 1992 mvua ilikataa kunyesha Mwingi kwa msimu wa pili. Kiema, fundi wa mabomba katika tawi la chuo kikuu nje ya mji, akakata bomba la bafu za wanafunzi bila kuomba ruhusa. Maji ya sabuni yaliyokuwa yakimwagika barabarani aliyapitisha kwenye mapipa matatu ya changarawe, mchanga na makaa, kisha akayaelekeza kwenye miche mia nne ya mukau, mti wa mbao unaostahimili ukame, nyuma ya bweni.

Mkuu wa chuo, Daktari Mutunga, alipogundua alimwita Nthenya, afisa wa wafanyakazi.

"Mwandikie barua ya kufutwa kazi. Ameharibu mali ya chuo."

"Hajasikilizwa, Daktari."

"Kazi yake ni kuziba mabomba, si kufikiria."

Nthenya alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Barua za namna hiyo alikuwa ameandika nyingi, na kila moja aliikumbuka.

"Hii sitaandika," alisema. "Kanuni zinataka sahihi yangu, na sahihi yangu hutaipata."

Kamati ya nidhamu ikaitwa Alhamisi. Nthenya ndiye aliyekuwa katibu, kwa hiyo mahali pa kikao alichagua yeye. Akapanga viti nyuma ya bweni, katikati ya miche. Wahadhiri wawili walipolalamikia jua, akawaambia wavumilie. Kiema alikuwa amelivumilia miezi mitano.

"Fundi, umesoma mpaka wapi?" Mutunga akauliza.

"Darasa la saba, Daktari."

"Na kusafisha maji ulifundishwa na nani?"

"Mama alikuwa akichimba kisima kwenye mchanga wa mto Tyaa. Maji yalitoka safi. Nikaona nijaribu na pipa."

Mhadhiri mmoja akacheka. Nthenya akasimama.

"Tuna watu wanne hapa wenye digrii za mazingira, na hakuna aliyepanda hata mche mmoja. Si wavivu. Sisi ndio tunaopandisha watu vyeo kwa kuhesabu miaka waliyokalia kiti, na mtu akijaribu kitu tunamtafutia kosa. Mfukuzeni huyu, na wenzake wote watajifunza kunyamaza."

Aliyecheka akainamisha kichwa. Kura zilipopigwa, wanne walisema Kiema abaki. Mutunga peke yake alikataa.

Kesho yake Nthenya alibandika tangazo: mfanyakazi yeyote, mfagizi au mhadhiri, mwenye wazo la kuokoa maji au kuni atapewa nafasi kila Ijumaa alasiri na vifaa vya stoo. Kazi hiyo itabeba jina lake, na itahesabiwa vyeo vikitolewa. Mutunga hakutaka kutia sahihi, akatia Nthenya mwenyewe. Mutunga akalibandua, naye akabandika lingine. Lilipobanduliwa la tatu, chuo kizima kilikuwa kimeshalisoma.

Wa kwanza kuja alikuwa Mbula, mpishi. "Madam, mimi naweza kupika isyo, mahindi na maharagwe ya wanafunzi wote, kwa nusu ya hizi kuni. Hakuna mtu amewahi kuniuliza." Baadaye wakaja wahadhiri wawili, wakiona haya kidogo. Kufikia Desemba kamati ya vyeo ilikuwa imemfanya Kiema msimamizi wa maji.

Nthenya mwenyewe alipewa onyo la maandishi kwa utovu wa nidhamu. Alilisoma mara moja, akaligonga muhuri wa kupokelewa, akaliweka katika faili lake mwenyewe kama alivyomfanyia kila mtu. Kisha akafungua mlango wa ofisi. Kwenye benchi walikuwa wameketi watu saba.

"Anayefuata aingie," akasema.