Sinki la Mtiki

Dada mkubwa alikuwa mkunga, na mpaka anastaafu hakuwahi kumgusa mzazi kabla hajanawa mikono barabara. Alipovunjika nyonga akaletwa kukaa kwa mdogo wake, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kilichomuuma zaidi ya nyonga kilikuwa sinki la bafuni. Lilikuwa juu, tena limesimama kwenye mguu wa kauri uliogonga magoti yake. Hakulifikia. Kila asubuhi wifi yake alimletea beseni chumbani.

"Wifi, nakushukuru," alisema siku moja, akiangalia povu linavyoelea. "Ila huku si kunawa. Huku ni kujirudishia uchafu wangu mwenyewe."

Mdogo wake, ambaye dada alimwita Kitinda hata baada ya mvi kumjaa, alikuwa mkereza vyuma kiwandani, na nyuma ya jiko alikuwa na karakana yake ndogo. Akasema papo hapo, "Dada, nitakuchongea sinki. La mbao, pana, magoti yako yaingie chini."

"La mbao? Si litaoza?"

"Mtiki hauozi hovyo. Niachie mimi."

Akampima akiwa kitini, akachora umbo juu ya boksi la friji. Alikata vipande vya mbao, akatoboa kila kimoja katikati, tundu la chini dogo kuliko la juu, akavibandika kimoja juu ya kingine kwa gundi isiyoogopa maji. Gundi ilipokauka, kwa ndani palikuwa kama ngazi. Akazisaga ngazi hizo kwa mashine mpaka ukabaki mteremko mmoja laini kama wa bakuli.

Dada akasukumwa hadi karakanani kuliona. Alipitisha vidole ndani, polepole, mpaka kwenye tundu la kutolea maji.

"Limekaa sawa. Lifunge."

"Bado. Tazama hapa." Kitinda alimwonyesha mahali gundi ilipoacha mstari mweusi, mwembamba kama uzi.

"Maji yatapita hapo?"

"Hayatapita. Lakini unaonekana."

"Mimi nataka kunawa, Kitinda, silipeleki harusini."

Alicheka, lakini hakulifunga. Kesho yake alilipasua kwa msumeno, akaanza upya.

La pili halikuwa na mstari. Likaingia kwenye vanishi: anapaka, linakauka, anapiga msasa, anapaka tena. Wenzake wa kiwandani wakaja kulitazama, wakalipiga picha. "Hili ni la hotelini, bwana!" Kila sifa ilizaa msasa mwingine. Mkewe alipochoka kubeba beseni akamwambia, "Dada yako anasubiri kunawa, wewe unasubiri kusifiwa." Aliudhika. Akajibu kwamba kazi mbovu haitoki mikononi mwake, akarudi karakanani.

Dada aliacha kuuliza. Baadaye hicho ndicho Kitinda alichokikumbuka kuliko vyote, jinsi dada alivyoacha kuuliza, naye akadhani ameridhika.

Jumamosi moja mke wa Kitinda alikwenda sokoni. Dada aliita aletewe maji. Karakanani mashine ilikuwa inanguruma, na Kitinda ameziba masikio. Aliita tena, kisha akajisukuma mwenyewe hadi bafuni, akashika ukingo wa kauri, akajiinua. Bomba alilifikia. Kiti kikateleza nyuma.

Wifi yake ndiye aliyemkuta sakafuni, maji yakiendelea kumwagika sinkini, mkono wa kulia umekunjika chini yake. Alipokimbia karakanani, mumewe alikuwa ameinama, anapuliza vumbi juu ya vanishi. Aliinua kidole kumzuia asikaribie, mpaka alipouona uso wake.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika vibaya. Dada akalazwa. Kitinda alirudi nyumbani peke yake, akaling'oa sinki la kauri, akapigilia mihimili ukutani kwa kipimo alichokuwa nacho tangu mwanzo, akalifunga la mbao. Mkewe aliporudi kutoka hospitali, maji yalikuwa yanapita vizuri. Akasimama mlangoni.

"Kumbe ilikuwa kazi ya mchana mmoja," alisema.

Kitinda aliketi pale pale sakafuni na spana yake, akalia kama mtoto.

Plasta ilipotolewa, vidole vya mkono wa kulia havikukunjuka tena sawasawa. Dada hakumlaumu. Wageni wakiuliza alisema, "Ningemsubiri wifi arudi, yasingenikuta." Kitinda akamkatiza, "Hapana, ulisubiri vya kutosha." Dada akasema, "Basi, yaishe," akabadilisha mazungumzo. Wageni hao hao wakitoka bafuni walilisifu sinki, na Kitinda alikuwa akiinuka kwenda kutafuta kazi yoyote ya kufanya jikoni.

Asubuhi moja aliona dada anahangaika na bomba. Lilikuwa la kuzungusha, na vidole vilikuwa vinateleza. Akaenda dukani, akanunua bomba la mkono mrefu, la kusukuma, akalifunga kabla ya chakula cha mchana. Spana ilikwaruza mbao. Akauacha mkwaruzo ulivyo.

Dada akalisukuma kwa kiwiko. Maji yakaja. "Ah! Kama wodini," alisema, akacheka. Kwa mkono wa kushoto akaanza kuupaka sabuni wa kulia, akipenyeza kidole kwenye vile visivyokunjuka.

"Nikusaidie, dada?"

"Niache. Nitafika."

Alimwekea taulo mapajani, akaenda uani, akasimama huko mpaka aliposikia maji yamefungwa.