Mashine ya Maziwa Yasoma Tena

Foleni ya wafugaji pale Molo ilikuwa ndefu, na Kogo Tabsabei, yaani Bibi Tabsabei, alisimama mbele na mkebe wake wa maziwa. Mjukuu wake Jemutai alikuwa amepewa muda wa asubuhi hiyo tu kuamsha mashine ya kupima maziwa iliyokuwa imegoma. Akishindwa, kazi angepewa mtu wa Nairobi.

"Jemutai, maziwa yataganda tukingoja!" mzee Kimaiyo akamtania.

"Kwani imekataa nini?" Kogo akauliza.

"Lugha ya kompyuta imepata toleo jipya, Kogo. Ile ya zamani ilichukua kila kitu kama maandishi. Hii inataka jina lako liwe maandishi, lakini vipimo vya mashine vibaki baiti tupu, zile namba ghafi za mashine yenyewe. Mimi nilikuwa navigeuza vyote kuwa herufi."

"Basi geuza jina peke yake."

"Ndiyo naandika hivyo sasa."

Kogo akamimina maziwa yake, Jemutai akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea: Tabsabei, lita saba.

"Kumbe fundi ni wetu!" Kimaiyo akapiga kelele.

Kogo alikuwa bado anasoma kiooni, polepole. Juu kabisa ya programu ile Jemutai alikuwa ameacha jina la Weldon, aliyeiandika zamani, na lake akaliweka chini. Kogo akainua mkebe wake mtupu kama kikombe cha ushindi.